Uhusiano na Mgonjwa

Saa nane za usiku, dirisha namba tatu, Upanga.
Feni inageuza shingo kama mtu anayekataa.
Aliingia amejikunja, mkono umebana tumbo, chini, kulia,
buti zake bado zina grisi ya kreni za Kurasini.
Rodel Macaraeg. Nilimwomba anitajie herufi moja moja.
Alizitaja, akameza maumivu kati ya R na A.

Kadi yake ilikuwa ya buluu, nzuri,
ina picha ya mlima wenye theluji
na namba ya simu isiyolala.
Nikaiingiza. Mashine ikafikiri.
Mwanachama hatambuliki.
Nikaipangusa kwa pindo la mtandio, kama tufanyavyo wote hapa,
kana kwamba bima huingia vumbi.
Hatambuliki.

Nikapiga ile namba.
Kinanda. Kisha sauti ya dada mwenye furaha isiyo na sababu
akiniambia simu yangu ina thamani kubwa kwao.
Kinanda tena.
Dakika ya kumi na moja nilikuwa nakifuatisha kwa kalamu.
Dakika ya kumi na tisa akapokea mwanamume, kwake mchana,
akauliza Dar es Salaam iko nchi gani.
Kisha: maumivu hayo yalikuwepo kabla ya mkataba?
Nikamtazama Rodel kupitia kioo.
Nimuulizeje mtu kidole tumbo chake
kilizaliwa tarehe ngapi?

Daktari Kalokola akapita, akabonyeza, akaachia.
Rodel akaruka.
"Huyu hafiki asubuhi. Na wewe unasikiliza kinanda?"
Nikamwonyesha waraka wa mhasibu
uliobandikwa juu ya kichwa changu miaka sita sasa:
HAKUNA KITANDA BILA IDHINI AU AMANA.
Milioni mbili na nusu.
Rodel alikuwa na laki na ishirini, noti za ndani ya soksi,
zina joto la mguu.
Alizisukuma zote chini ya kioo, na saa ya mkono juu yake.
Saa nilimrudishia.

Bibi yangu wa Maneromango
alikuwa na neno lake kila tulipochinja kuku:
mgeni njoo, mwenyeji apone.
Tulilielewa kwa tumbo. Mgeni akija, na sisi tunapata paja.
Hakutuambia inakuwaje
mgeni akija yeye ndiye mahututi
na mwenyeji ni mimi, mzima, nina kalamu.

Nikachukua fomu ya mdhamini.
Jina: Zamoyoni Mwinyikambi.
Simu. Mshahara. Sahihi.
Uhusiano na mgonjwa:
hapo kalamu ilisimama
kuliko nilivyosimama mimi siku ya kuulizwa mahari.
Nikaandika: mwenyeji.

Walimpasua saa kumi na dakika tano.
Siku ya nne akatoka, anatembea kama aliyebeba yai.
Kiswahili chake chote kilikuwa "poa".
Aliisema mara tatu, ya tatu ikamkwama.

Analipa. Laki moja, laki na nusu,
mwezi mwingine kimya.
Kinachopungua mhasibu anakikata kwangu,
na ada ya Tausi imechelewa,
lakini hilo ni la nyumbani kwangu.

Baadaye walimtambua.
Kumbe walikuwa wameandika jina la ukoo mbele.
Nikapeleka madai, risiti zote, hata ya bomba la sindano.
Jana imefika bahasha yenye mlima ule ule.
Madai yamerudishwa. Sababu:
"mwenyeji" haimo kwenye orodha ya uhusiano unaokubalika.
Tafadhali chagua mmoja:
mke, mume, mzazi, mtoto, mwajiri.

Nimeiweka kwenye droo, pamoja na stepla mbovu.
Usiku huu kuna mama wa Kikomoro kwenye benchi,
kadi yake ya kijani, anaipepea kama kipepeo cha ukili.
Namwita aje dirishani.

Wamenipa siku kumi na nne.